Kikombe cha Kiti Kitupu

Jamani, mimi nimeshaaibika mara nyingi maishani (niliwahi kuanguka na sufuria ya pilau mbele ya bwana harusi), lakini aibu ya siku ile kule Dabaso sijaweza kuicheka mpaka leo, na ninaisimulia kwa sababu nimechoka kulala nayo peke yangu.

Mimi ni mpishi katika nyumba ya wageni. Kwetu ni Marafa, na mama yangu alikuwa na mangwe, kile kibanda cha kuuzia tembo la mnazi, kwa hiyo mambo ya kunyweshana nimeyajua kabla sijajua kusoma. Basi akaja mgeni Mkorea, mzee wa miaka sabini hivi, na binti yake Mina, ambaye alishafundisha Kilifi na Kiswahili anakizungumza vizuri tu. Mina akaniambia jambo moja zito: kaka yake alifanya kazi huku miaka mitatu, akazama baharini akipiga mbizi. Aliondoka kwao akiwa amegombana na baba, na tangu azikwe mzee hajawahi kulitaja jina lake. Siku ile ndiyo kwanza amekubali kuja kukaa na mwanawe huyo, hapa alipofia.

Mchana ule Mina akaingia jikoni kunielekeza. Kwao hawanywi bila vya kutafuna, wanaviita anju, basi nikawa nakaanga chapati za maji zilizojaa majani ya vitunguu, na ngisi mkavu nimeshambanika na kumchana nyuzi nyuzi. Akaniambia mtu hajimiminii mwenyewe, humiminiwa na mwenzake, na kwa mikono miwili. Akaniambia mdogo akinywa mbele ya mkubwa hugeuza uso pembeni, ndiyo heshima. Kisha akasema, "Halafu dada Kadzo, kile kikombe cha tatu..." na chapati yangu ikaanza kuungua, nami nikamkata kauli. "Najua, mwanangu, najua. Mimi nimezaliwa kwenye mangwe." Hapo ndipo nilipoharibu, hapo hapo, kabla hata sijatoka jikoni.

Mimi ndiye niliyeitoa chupa kwenye friji, chupa ndogo ya kijani, pombe yao kali iitwayo soju, nikaifungua na kuiweka mezani. Mzee akamimina vikombe vitatu kwa mikono miwili, kimoja akakisogeza mbele ya kiti kitupu. Niliporudi na sahani ya chapati nikawakuta wameinamisha vichwa, hakuna aliyegusa kitu. Wageni wa meza nyingine wameacha hata kula, na bosi wangu Mama Achieng' amesimama mlangoni na mikono kifuani.

Sasa kwetu, anayeleta pombe huionja kwanza mbele ya mgeni, ajue haina sumu. Usipoonja, mzee hanywi, atakaa aiangalie tu mpaka jua litue. Nikajiambia, masikini, kumbe wananisubiri mimi! Nikakitazama kile kikombe kisicho na mwenyewe, nikakiinua, nikageuza uso pembeni (heshima hiyo nimeshafundishwa, si ndiyo?), nikakinywa chote, nikasema kwa sauti ya mangwe, "Nzuri sana! Haina kitu, kunyweni bila wasiwasi!"

Mina akaziba mdomo, kisha akasema polepole, "Dada, hicho ni cha kaka yangu."

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Badala ya kutulia, nikaidaka chupa nimjazie upesi, kwa mkono mmoja, nao una mafuta ya kukaangia, ikaniponyoka ikapasuka sakafuni. Na chupa ilikuwa hiyo moja tu, mzee aliibeba kutoka kwao, ameinunua kwenye duka la mtaa wao alilokuwa akimtuma mwanawe utotoni. "Kadzo! Umefanya nini?" Mama Achieng' akapiga kelele.

Nikapiga magoti penye vigae. Nikalia, sikujali nani ananitazama. Nikamwambia Mina amweleze baba yake kwamba sikudharau, kwetu huonja ili anayekunywa asidhurike. Mina akatafsiri. Mzee akasema maneno machache, na Mina akashindwa kuyatoa mpaka alipofuta machozi. "Anauliza, miaka mitatu aliyokaa kaka huku peke yake, nani alikuwa akimwonjea?"

Nikasema tu, "Mwambie baba anipe dakika tano."

Nyuma ya ukuta wetu kuna mgema, naye alikuwa ndiyo kwanza ameshuka. Nikarudi na mnazi mtamu ndani ya kibuyu, nikaomba ruhusa, na safari hii nikasubiri mpaka Mina amalize kutafsiri. Mzee akakipokea kibuyu, akanimiminia mimi kwanza. Nikaonja. Akamimina kikombe cha kiti kitupu kwa mikono miwili, taratibu, mpaka juu, na kando yake akaweka kipande cha chapati, kile kisichoungua. Mina akammiminia baba yake.

Mzee akakiinua chake. Akakitazama kile kiti, akaita jina la mwanawe, mara moja tu, kisha akageuza uso pembeni, akanywa.

Mina akanishika mkono kwa nguvu. Safari hii sikuhitaji kuelezwa. Mkubwa pale mezani alikuwa yeye mzee, na anayegeuza uso ni mdogo.

Kazi sikufukuzwa, ila Mama Achieng' hunitania kwa wageni kila akipata nafasi, na ana haki. Lakini mtu akianza kunieleza jambo siku hizi, hata kama chapati inateketea, nazima moto kwanza, namsikiliza mpaka amalize.