Visima Viwili na Malisho Mpaka Mlimani

Chekeni tu jamani, mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka nikachoka, lakini siku ile nilitamani ardhi ya Maryland ipasuke inimeze, maana ni nani kati yenu amewahi kusimama mbele ya ukumbi mzima wa watu waliovaa wakapendeza, yeye ana kitambaa cha meza kichwani, anagawiwa jangwa la wenyewe?

Miaka ile simu zilikuwa bado za kufunika, na mimi nilikuwa nikilea wazee katika nyumba moja kule Columbia, kando ya ziwa la kuchimbwa (kule hata maziwa yamepangwa na mainjinia). Mzee wangu alikuwa Mwingereza tuliyemwita Kapteni. Alianza kazi Kenya zamani za mkoloni, ndiyo maana nikapewa mimi, kwa sababu Kiswahili alikijua, kile cha kuamrisha, kisha serikali yake ikampeleka Uarabuni akapatane na Amiri mmoja wa jangwani juu ya mpaka, kabila hili lichunge huku na lile lichunge kule. Uzeeni alimfuata binti yake Rosalind Amerika. Sasa akili ilikuwa inamtoka taratibu, na kila ikitoka ilikuwa inarudi hukohuko jangwani.

Shida ilikuwa chakula. Kila mchana anasukuma sahani pembeni: "Mimi nangoja barua ya Amiri. Hapana kula kabla ya jibu." Akakonda, mashati yakamvaa badala ya yeye kuyavaa, daktari akasema wiki ikiisha hivyo atapelekwa hospitali akawekewe mpira wa puani. Nilikuwa nikimfikiria na huo mpira moyo unaniuma kwelikweli.

Basi siku moja theluji inaanguka, hita inanguruma, mimi nimetoka kazi yangu nyingine Landover na usingizi umenijaa machoni, na ukitazama dirishani hakuna barabara wala magari, ni vilima tu, vilima vyeupe hadi macho yanapoishia, nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Kapteni, Amiri amesema ule kwanza."

Akanitazama. Akachukua kijiko. Akamaliza supu yote!

Hapo ndipo nilipojichongea. Kesho yake akataka kujua mjumbe wa Amiri ni nani, nikasema ni mimi, kesho kutwa akauliza mbona mjumbe hana kilemba, nikajifunga kitambaa cha meza. Mama Chantal, Mkongomani wa jikoni, akatufuma.

"Kemunto! Nappe yangu inafanya nini ku kichwa yako?"

"Niko kwa mkutano, Mama Chantal. Please, wacha mzee akule."

Na niwaambie ukweli, nilianza kuipenda ile saa ya mchana. Anakula huku anasimulia, ngamia wanavyokunywa maji wakigombana, mahema meusi, asubuhi iliyo baridi kuliko Limuru, sauti yake inageuka ya kijana, na mimi nimekaa kwenye zulia nasinzia nusu nasikiliza nusu, nasikia kabisa harufu ya vumbi la moto, mimi wa Nyamira ambaye hata Turkana sijafika. Wakati mwingine nilikuwa nikitoka chumbani nikashangaa kuona theluji.

Kapteni akatimiza miaka tisini. Rosalind akaandaa sherehe, na siku hiyohiyo ile ramani ya mpaka, ile yenyewe aliyoichora baba yake kwa mkono, ikabidhiwe maktaba. Wakaja wawili wa maktaba, mama na kijana, wamevaa glavu nyeupe. Keki ipo, wageni wamejaa, Kapteni kaikumbatia ramani yake mezani. "Siitoi," akasema kwa Kiingereza safari hii, ukumbi wote usikie. "Siitoi mpaka aje mjumbe wa Amiri."

Rosalind akanijia mbio. "Kemunto, tafadhali. Dakika tano tu."

Nikajifunga kitambaa mbele za watu, nikaketi. Kapteni akaagiza kahawa, Mama Chantal akaleta kikombe kidogo, nyeusi tii. Sasa mimi ni Msabato, kahawa hatunywi, na mlangoni amesimama Mzee Ombati, dereva wa ile nyumba na mzee wa kanisa letu, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha masomo ya ubatizo! Na tena nilivyolelewa mimi, kikombe cha mwenyeji hukikatai kwa mdomo, ni kumwaibisha. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, halafu unakiweka chini polepole kana kwamba utakunywa baadaye. Nikafanya hivyo hasa.

Kapteni akabadilika uso.

"Umeweka kikombe chini," akasema. "Yule mjumbe wa zamani naye alikiweka chini. Kule mgeni akiweka kahawa chini bila kuionja, ana ombi, na hanywi mpaka akubaliwe. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, sikujua. Nilidhani hapendi kahawa. Nikacheka, nikachora mpaka wangu, kisima chao kikabaki upande wa pili." Akanishika mkono. "Leo nimeelewa. Ni kisima, sivyo?"

"Hapana, Kapteni, asante sana, mimi sitaki kitu."

Kumbe nimeharibu zaidi, kwani kwake mjumbe anayesema hataki kitu ni mjumbe ambaye bado hajaridhika. Akachukua kalamu nyekundu ya kusainia kadi ya sherehe, akauhamisha mpaka, palepale, kwenye ramani ya maktaba. Mama wa glavu akapiga ukelele.

"Kunywa sasa," Kapteni akaniambia.

Nikamtazama Mzee Ombati, mkono ukagoma.

"Haitoshi? Chukua na kisima cha pili." Mstari mwingine. "Na malisho, mpaka mlimani!" Mwingine, mrefu. Rosalind anaita "Daddy, Daddy," wageni wamesimama, mmoja anapiga picha, na mimi na kilemba changu nimeganda.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, ya mzee wa kanisa mwenyewe: "Kemunto, kunywa hiyo kitu! Huyu atamaliza Arabia yote!"

Nikaibugia yote mara moja, ya moto, chungu, ikanipalia, nikakohoa, na matone (Mungu anisamehe) yakaangukia ramani. Kapteni akachungulia kikombe, akaona ni kitupu, machozi yakamtiririka bila sauti. "Basi tumepatana," akasema.

Watu wa maktaba wakavua glavu zao, wakasema kwa upole kwamba watafikiria. Rosalind akanivuta hadi kwenye korido, nikajua kazi imekwisha. Akauliza kama Kapteni aliwahi kunitajia kile kisima kabla ya leo, nikasema la. "Mimi ni mwanawe," akasema, "na sijawahi kukisikia." Akalia kidogo, kisha akanisaidia kufungua kilemba, maana fundo lilikuwa limekaza.

Kapteni akala keki, akala wali, akala kuku. Kuanzia siku hiyo hakubembelezwa tena, na barua ya Amiri hakuiulizia tena. Nilikuwa nikikaa kwenye zulia nikingoja aanze kusimulia, naye ananiomba chumvi tu. Niliona uchungu, sifichi.

Jumatatu meneja akaniita. Mgeni mmoja alikuwa amelalamika, kwa hiyo lazima nipewe onyo la maandishi, kosa lenyewe mfanyakazi kupokea zawadi kutoka kwa mkazi. Kwenye nafasi ya maelezo ya zawadi alikuwa ameandika, huku anajikaza asicheke: visima viwili na malisho mpaka mlimani. Nikatia sahihi, nikaapa palepale kwamba tangu leo nikipewa kikombe nisichokitaka nitasema sitaki, kwa sauti, hata kama ni Ikulu. Chini kabisa ya fomu kulikuwa na swali moja la mwisho, kama zawadi imerudishwa kwa mwenyewe. Nikafikiri kidogo, nikaandika hapana.