Mara Tatu kwa Siku

Kijijini kwetu Mwese, majina ya kaya maskini yalisomwa mkutanoni mbele ya kila mtu. Jina likisomwa, mwenyewe anasimama, na wanakijiji wanasema kama kweli ni maskini. Wakikubali, anaingizwa kwenye ruzuku ya serikali.

Lilisomwa jina la mama. Akasimama na kitenge chake cha kanisani. Jirani yetu, ambaye mama alimhudumia mwezi mzima alipojifungua, akanyoosha mkono.

"Huyo ana nyumba ya bati."

Ilikuwa kweli. Mabati hayo aliyaacha marehemu baba, na yalikuwa yanavuja.

Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, kwenu mnakula mara ngapi kwa siku?"

Wanakwaya wenzake walikuwa wamekaa mbele. Mama akawatazama, kisha akajibu, "Mara tatu."

Watu wakacheka. Mtendaji wa kijiji akalikata jina lake kwenye orodha.

Njiani nilimfokea. Nilikuwa mtu mzima, nimeachika na kurudi kwake na watoto wawili, na tulikuwa tunakula mara moja tu, jioni.

"Kwa nini umedanganya?"

"Ulitaka niitangaze njaa yangu mbele ya watu wote wale?"

"Basi leo tupikie hiyo heshima yako."

Alitangulia, akatembea mpaka nyumbani.

Jirani alipopata ruzuku yake ya kwanza, alituletea bakuli la unga. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akamshukuru sana. Nikasonga ugali. Mama alikula haraka kuliko wanangu, na mimi nikamwacha ale bila kumsemesha.