Uso Nilioukwangua kwa Wembe

Msinicheke kabla sijamaliza. Nawajua watu wa Musoma, ukisema umemwona marehemu wanakuuliza ulikunywa nini. Sikunywa kitu. Hata chai ya siku ile ilikuwa ya rangi na haina sukari, maana mwaka ule sukari ilikuwa kama harusi, unaisikia kwa jirani. Wengine watasema ni dawa za picha zilinipanda kichwani. Mimi nasema haya yalinipata mchana, nikiwa na akili zangu, mlango umefungwa kwa komeo la ndani.

Shule niliishia la saba. Halafu nikapata kazi ya kusafisha picha kwenye studio ya Fundi Nyamhanga, pale mjini. Kazi ile nilikuwa naipenda jamani! Unaweka karatasi nyeupe kwenye beseni la dawa, unaitikisa polepole chini ya taa nyekundu, na mtu anaanza kuja. Yanakuja macho, inakuja kola ya shati, mara anakuja yeye mzima anakutazama. Unajisikia kama umempokea mgeni kutoka mbali sana. Mpaka leo sijaona kitu kizuri kuliko hicho.

Sasa nimwelezee bibi yangu, mama yake baba, anayekaa kijijini upande wa Butiama. Mimi nilipewa jina la babu, mume wake, kwa hiyo kwa desturi ya kwetu mimi ndiye mume wake. Hakuwa ananiitaga mjukuu hata siku moja.

“Mume wangu, umekuja mikono mitupu tena? Nitaolewa kwingine mimi!”

“Nani atakuoa na hayo meno mawili?”

“Mawili yananitosha kukung'ata.”

Ndivyo tulivyoishi. Babu mwenyewe sikumkuta. Alikufa bado mwanaume wa nguvu, kabla baba hajaoa, na katika maisha yake hakuwahi kupigwa picha hata moja.

Mwaka ule macho ya bibi yakaanza kufunga. Nilipoenda kumsalimia alinishika mkono akanikalisha kwenye benchi, na hakunitania.

“Mume wangu, uso wa babu yako umenitoka,” akasema. “Nautafuta siupati. Naona shati lake, naona miguu yake ikitoka zizini, nikifika usoni hakuna kitu. Na haya macho yanafunga. Nitengenezee picha yake niione kabla hayajafunga.”

“Bibi, nitampigaje picha mtu aliyezikwa?”

“Si wewe upo? Kila mtu anasema umemchukua yeye. Kaa hapa na mimi tupigwe wawili. Halafu umzeeshe, alingane na mimi. Sitaki kukaa na kijana pichani, watu watasema nimeiba mume wa mtu.”

“Kuzeesha sijawahi.”

“Kupunguza uzee mnawezaga. Kuongeza mnashindwa nini?”

Ningekataaje? Niliazima kamera kubwa ya zamani ya fundi, ile ya filamu pana, na koti la baba mdogo, nikarudi navyo kijijini. Shangazi akabonyeza. Bibi alikaa wima kama yuko kanisani, mkono wake juu ya mkono wangu.

Kama hujui kazi hii nikueleze kidogo. Pale studio picha tulikuwa tunaitengeneza kwenye negativu yenyewe, ile filamu iliyosafishwa, na kule mambo yako kinyume. Ukipaka penseli nyeusi, kwenye picha panatoka weupe. Ukikwangua kwa ncha ya wembe, panatoka mstari mweusi. Wateja wote walitaka tuwafute mikunjo. Mimi nilikaa dirishani, negativu juu ya kioo, nikaanza kujizeesha. Nikapaka penseli kichwani, zikawa mvi. Nikakwangua mikunjo mitatu pembeni ya jicho na miwili mdomoni. Wembe ukaniteleza, ukaacha mkwaruzo mmoja mrefu karibu na sikio. Nilijisikia ajabu kweli. Wewe umewahi kukaa ukaandika uzee wako mwenyewe kwa mkono?

Fundi Nyamhanga alikuwa anaenda Bunda kupiga picha za harusi. Akaniachia karatasi moja, ya mwisho studio nzima, maana karatasi zilikuwa zinapitishwa mpakani Sirari na siku hizo hazikupita.

“Hiyo ya bibi yako,” akasema. “Ukiiunguza, shauri yako na bibi yako.”

Nikaingia chumba cha giza, nikafunga komeo, nikaimulika karatasi ile kupitia negativu kwa makini, nikaizamisha kwenye dawa. Hapo ndipo niliposikia harufu. Dawa za picha zinanuka kama siki, hii ilikuwa ya majani mabichi na ng'ombe walionyeshewa. Nikageuka.

Juu ya kreti ya chupa, pale ninapokaaga kusubiri, alikuwa amekaa mzee.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Mkono ulishafika kwenye komeo, niamini. Lakini karatasi ilikuwa ndani ya beseni, na mwanga wa nje ukiingia tu inakuwa nyeusi yote, na nyingine hakuna. Nilisimama hapo nusu nimekimbia, nusu nimebaki. Yule mzee akasema, taratibu, kama mtu anayeongea na ndama:

“Usifungue. Utaniunguza.”

Nikauacha mlango. Nikarudi kwenye beseni, nikaendelea kutikisa. Yeye akasogea akasimama begani kwangu kutazama. Chini ya taa ile nyekundu nikamwona vizuri: uso wangu, mvi zangu za penseli, mikunjo mitatu imenyooka kama ilivyopita ncha ya wembe. Na karibu na sikio, jamani, mkwaruzo ule wa kuteleza.

“Hivi ndivyo ningekuwa?” akauliza.

“Ndivyo alivyotaka bibi.”

Akapapasa mashavu. Akajishika kichwani. “Mvi nyingi hizi.”

“Naweza kupunguza, babu.”

“Acha. Sikuwahi kuwa nazo.”

Nilivyosikia hivyo hofu ikanitoka, ikaja huruma. Mtu mzima anaugusa uzee kama mtoto anavyogusa kiatu kipya. Picha ikaanza kuja. Bibi akatokea wa kwanza, na mzee akachekea puani.

“Amekonda. Bado anaona?”

“Kidogo.”

“Basi fanya haraka.”

Nikaitoa, nikaisuuza, nikaiweka kwenye dawa ya kukazia. Nilipogeuka kumwambia kwamba sasa mwanga haudhuru, kreti ilikuwa tupu. Komeo lilikuwa mahali pake. Harufu ya ng'ombe ilibaki mpaka jioni, na mteja mmoja akaniuliza kama siku hizi tunafuga.

Kesho yake nilidandia lori la pamba mpaka njia panda ya Butiama, nikamalizia kwa miguu, picha kifuani ndani ya gazeti. Nilikuwa nimeitazama juani, nami nilishajua. Yule mwanaume wa kwenye picha hakuwa mimi. Mikunjo ililala vizuri kama ya mtu aliyeicheka mwenyewe, na kope la kushoto lilikuwa limeshuka, karibu lifunike jicho. Kope lile sikulichora.

Bibi akaipeleka picha mlangoni kwenye mwanga, akaisogeza mpaka ikagusa pua. Halafu akaweka kidole pale kwenye kope.

“Pembe ya ng'ombe ilimchana hapa,” akasema. “Tulikuwa na mwaka mmoja kwenye ndoa. Nani alikuambia?”

Akacheka, chozi linashuka, akaiambia picha, siyo mimi: “Kumbe ungezeeka vizuri hivyo!” Ndipo akanigeukia. “Ahsante, mjukuu wangu.”

Mjukuu. Nilifurahi, kweli, nilifurahi sana. Lakini njiani kurudi nilijikuta nafuta macho kwa mkono wa shati, na nilikuwa najua kabisa kwa nini.

Bibi sasa haoni kabisa, ila anasema uso anao, haumtoki tena.

Mimi nilipoamka chumbani kwangu Makoko, pale mjini, asubuhi baada ya kutoka kwa bibi, mwenye nyumba aliniuliza kama nilikuwa naumwa. Nikajitazama kwenye kioo cha dirisha. Pembeni ya jicho mikunjo mitatu, mdomoni miwili. Imenyooka kama mistari ya daftari. Nimejaribu mafuta ya nazi, nimejaribu maombi, ipo. Watoto wa jirani wananiamkia shikamoo, na mimi sijafika hata umri wa kuoa. Siku hizi naitikia tu marahaba, ugomvi wa nini na watoto?

Wewe unayesoma, siyo nakutisha. Marehemu wako akikosa uso, msimulie, mwimbie, mwombee misa. Uso wako usimpe. Mwazime mtu shati, mwazime baiskeli. Shati likirudi chafu unalifua. Uso ukirudi umeshatumika, utaufulia nini?