Tezi Kama ya Mama

Binti yangu ndiye aliyeigundua. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba tunayopanga Makongeni, Thika, yeye amesimama nyuma yangu akijifunza kusuka, nami nimemwachia kichwa aharibu apendavyo. Jua la alasiri lilikuwa limenilegeza mwili mzima. Vidole vyake vikashuka kutoka kwenye nywele hadi shingoni, vikasimama hapo.

"Mum, hapa kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Kama njugu. Inateleza."

Nikapeleka mkono. Chini ya sikio la kushoto palikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, kilichonikwepa kidole kisha kikarudi mahali pake. Nilikibonyeza kwa nguvu nikitumaini kitauma. Hakikuuma. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu tezi ya mama yangu pia haikuwa na maumivu.

"Endelea kusuka, mami," nikamwambia.

Namwita mami kwa sababu ana jina la mama. Nilimzaa bila mume, na kwetu Wakikuyu ukizaa hivyo, watoto huchukua majina ya wazazi wako. Mimi nami nina jina la nyanya, aliyemzaa baba, kwa hivyo baba mpaka leo ananiita mama. Akimwona binti yangu anamwita bibi yangu, mke wake kabisa, na kumuuliza mbona leo hajapikiwa chai. Kila mwanamke wa nyumba yetu amebeba mwingine aliyemtangulia. Siku nyingine jambo hilo hunichekesha. Jumapili ile niliketi pale nikivutwa nywele na mama yangu mdogo wa darasa la tatu, nikawaza ni nani atakayemsuka yeye nikienda.

Mama alipata tezi yake mwaka niliomaliza shule ya upili. Ilianza moja, shingoni. Kisha zikaja homa, na jasho lililomlowesha mpaka godoro likawa linaanikwa juani kila asubuhi. Kwenye kituo cha afya walimtazama, wakampapasa, wakasema ni TB ya tezi. Hawakumkata, hawakuchukua chochote cha kupima. Walimpa vidonge wakamwambia baba ahakikishe vimemezwa.

Baba aliichukua kazi hiyo kama ameajiriwa. Kabla ya ng'ombe kukamuliwa, kabla hata ya moto kuwashwa, alisimama kando ya kitanda na vidonge kwenye kiganja na kikombe cha maji, na haondoki mpaka mama afungue mdomo kuonyesha vimeshuka. Dawa zile hubadilisha rangi ya mkojo ukawa mwekundu kama soda ya machungwa, lakini sisi hakuna aliyetuambia. Mama alipotoka chooni akaeleza alichokiona, baba alishangilia. Ugonjwa unatoka, alisema. Tukaamini sote. Akina mama wa kanisa walikuja nyumbani kwetu Murera na sukari na unga, wakaimba nyimbo za shukrani kwa sababu ya mkojo mwekundu.

Mama alimaliza vidonge vyote. Tezi zilikuwa zimefika makwapani na kwenye kinena. Daktari wa mahali pengine alipomkata hatimaye na kupima, alisema ni limfoma, kansa ya tezi, na kwamba imeshatapakaa. Tulimzika penye mpaka wa shamba, karibu na mahindi.

Sasa unaelewa nilivyoketi kwenye kile kigoda.

Ukweli ni kwamba dalili zilikuwepo kabla ya vidole vya mtoto, nami nilikuwa najifanya sizioni. Nafanya kazi katika kiwanda cha nyuzi, Eneo la Viwanda. Pale ndani pamba hupeperuka mchana kutwa, nyepesi, inatua kwenye nyusi na kwenye mabega, na mashine zinanguruma kwa sauti moja mpaka unaacha kuzisikia. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikipata homa ndogo kila alasiri. Haikuwa mbaya. Nitasema kitu cha ajabu: ilikuwa tamu. Ngurumo ya mashine ilisogea mbali, kana kwamba inatoka ng'ambo ya mto, mwanga wa madirishani ukawa mzito wa rangi ya uji, na mikono yangu ilifunga nyuzi zilizokatika bila mimi kuiagiza. Wenzangu waliniona nikipungua wakanitania, "Wewe unakondea nani?" nami nikawajibu kwamba sitaki kuwaambia wasije wakaninyang'anya.

Ni katika homa hizo nilipoanza kumwona mama. Alipita kati ya mashine, kitambaa kichwani, bila haraka, kama mtu wa zamu inayoisha. Hakunitisha. Nilikasirika tu kwamba hageuki. Siku moja nilimfuata mpaka mwisho wa mstari, nikakuta ukuta na mapipa matupu, na msimamizi akaniuliza kama nimepotea.

Alfajiri niliamka fulana imenigandama. Niliivua, nikaificha chini ya ndoo kabla mtoto hajaamka, nikavaa nyingine kavu. Nilikuwa hodari sana wa kuficha. Niliuliza simu maswali, tezi isiyouma, jasho la usiku, kukonda, kuwashwa mwili, na kila mara simu ilinirudishia jina lilelile lililomzika mama. Niliizima. Nikaiwasha tena nikauliza kwa maneno tofauti, kana kwamba ikiulizwa kwa adabu itabadilisha nia.

Murera niliacha kwenda. Baba alipopiga simu nilisema kuna ovataimu.

Mwishowe nilikwenda zahanati, hapo hapo Makongeni. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinipapasa shingo kwa vidole viwili, akauliza kuhusu homa, akatabasamu kama mtu aliyeleta habari njema.

"Usiogope, mama. Hii ni TB ya tezi. Tunaziona nyingi sana hapa. Tunakuanzishia dawa leo."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Watu waliokuwa kwenye benchi nje walichungulia mlangoni.

"Hamnianzishii kitu! Mtanikata kwanza!"

"Mama, si lazima tukate ndio tujue..."

"Mama yangu alimeza hizo dawa zote. Zote! Alimeza akisimamiwa, na alikuwa na kansa. Mimi simezi kitu ambacho hakuna mtu ameangalia."

Angeweza kunifukuza, na nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata mkoba nilikuwa nimeushika. Badala yake alisema pole, akanielekeza hospitali moja kule Ruiru, akawapigia yeye mwenyewe waniangalie.

Ruiru walinidunga ganzi, nikahisi kuvutwavutwa shingoni kama mtu anayeng'oa uzi kwenye sweta, na baada ya muda mfupi nikawa nje tena na plasta chini ya sikio. Walisema nisubiri. Ah, kusubiri kule! Siku zilikuwa za baridi ile ya Julai, ukungu haupandi mpaka saa nne, na Thika nzima ilinuka mananasi na moshi. Nilitembea kwenda kazini nikiwa sijui kama miguu yangu inagusa lami. Vitu vidogo vilinipendeza mpaka machozi: mvuke wa chai kwenye vibanda vya lango la kiwanda, mwanamke anayefagia mbele ya duka ambalo bado halijafunguliwa, soksi za mtoto wangu kwenye kamba, moja ya bluu na moja nyeupe. Nilitaka kuishi. Sikuwa nimewahi kulisema hilo hata moyoni, kwa sababu halikuwa jambo la kusemwa, na sasa nililisema kila nilipovuka barabara.

Aliyenipa majibu ni daktari wa kike, mchovu, kalamu imekwama kwenye nywele. Alisema, "Si limfoma. Ni TB." Nikamuuliza ana hakika. Akasema wameviona vijidudu vyenyewe, wala hakuna seli ya kansa hata moja kwenye kile kipande. Nilicheka mpaka akaweka mkono wake juu ya wangu. Sidhani ameona wengi wanaoshangilia TB. Halafu kicheko kikageuka kilio, na katikati ya kilio nikamuuliza swali ambalo sikujua nimekuja nalo: je, wakati wa mama, wangeweza kumpima hivi? Alinijibu ukweli, kwa sauti ya chini. Upasuaji huu ni wa zamani, alisema. Na limfoma ikiwahiwa, wengi hutibika.

Nikaanza vidonge. Homa ililegea, kisha siku moja alasiri nikagundua haikuja. Mashine zilikuwa mashine, zikipiga kelele za kuudhi. Mama hakupita tena, nami siwezi kusema kwamba sikumtafuta.

Nilipopata nguvu nilikwenda Murera. Baba alikuwa akimkatia ng'ombe nyasi za nepia. Binti yangu alimkimbilia, akaitwa bibi, akatumwa ndani akaangalie chai. Ndipo nikamwambia baba kila kitu, tangu tezi mpaka dawa. Nilipotaja TB, panga liliteremka likagusa ardhi.

"Hata sisi tuliambiwa hivyo," akasema.

"Mimi nimekatwa, Baba. Wameangalia. Shika hapa uone, inaisha."

Alinishika shingo. Vidole vyake vilikuwa na utomvu wa nyasi, na vilikaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta tezi.

"Walikulaza?"

"Hapana. Ni kitu kidogo tu. Nilirudi nyumbani nikapika."

"Ukarudi ukapika." Aliyarudia maneno hayo polepole. Kisha akaketi juu ya nyasi alizokata, mzee wa miguu mirefu, akatazama upande wa mahindi. "Na yeye, mama? Wangemkata wakati ule, wangeona?"

Miezi yote hiyo nilikuwa nimepiga kelele nikidai kuambiwa ukweli. Nilikuwa nao sasa, mzima, kutoka kwenye mdomo wa daktari. Niliitazama mikono yake.

"Hapana, Baba. Mashine za kuona hazikuwepo."

Akatikisa kichwa. Kule ndani mtoto alikuwa akigonganisha vikombe.

"Sikuwahi kumkosesha dawa," akasema. "Hata siku moja."

"Najua, Baba. Hata siku moja."