Majina ya Kulipia Kila Mwaka

Mimi hununua majina. Nikimwambia mtu hivyo hapa Songea ananiangalia kwa huruma, kwa hiyo siku hizi nasema nina steshenari, na hilo nalo ni kweli. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, najaza maombi ya vyuo kwa vijana wanaokuja na simu zisizo na chaji. Lakini akili yangu iko kwenye ile kazi nyingine. Kila tovuti ina anwani yake, ile unayoiandika ili uifikie, na sisi wa kazi hii tunaiita domeni. Ukiwahi kuisajili kabla ya anayeihitaji, ni yako, mradi uilipie kila mwaka. Siku akijitokeza, mnakaa mnaelewana bei.

Ugumu wote uko kwenye kuchagua. Jina liwe fupi. Lisiwe na tarakimu wala vistari. Usiguse jina la biashara ya mtu, maana hapo umenunua kesi. Wenzetu wa nje wana kitu cha kujipimia, wanaangalia majina yanayofanana na hilo yaliuzwaje huko nyuma. Sisi wa maneno ya Kiswahili hatuna kumbukumbu ya namna hiyo. Nani anajua neno kama korosho, au mahindi yakiunganishwa na ghala, lina thamani gani? Mtu unabaki kupapasa gizani, na mimi kupapasa siwezi, nina haraka.

Basi nikajitafutia kipimo changu, na kipimo hicho alikuwa mke wangu. Anauza dagaa wa Nyasa sokoni na mambo ya mtandao hayamhusu. Nilikuwa namtajia jina mara moja tu, wakati wa chakula, tonge likiwa mdomoni, kisha nahamia kwenye habari nyingine. Kesho yake akirudi kutoka sokoni namuuliza, hata beseni hajatua, "Mama, jana nilikutajia jina gani?" Akilitaja bila kusita, nalinunua. Nilijiona mjanja sana. Jina linalokaa kichwani mwa mwanamke aliyeshinda juani akibishana na wateja litakaa kichwani mwa yeyote.

Mwanzoni mengine yalimpotea, nikayaacha. Baadaye akawa hakosei. Nikasema jicho langu limekomaa, sasa naokota majina mazuri tupu.

Yeye ni mtu wa Madaba. Tulipooana alikubali kuja kukaa hapa mjini, Ruhuwiko, kwa muda, na huo muda nilimpimia mimi mwenyewe. Nilimwambia jina moja likipata mtu, tunafunga virago, tunajenga karibu na mama yake aliyebaki peke yake kule. Hakunisumbua kwa hilo. Aliuliza tu, kila baada ya miezi kadhaa, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi ipo, "Bado hawajaja?" Nilimjibu kwamba wako njiani.

Hawakuwa njiani. Niliwahi kwenda Maposeni kumwona mzee mmoja anayenunua mahindi ya vijiji vyote vya upande ule. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza habari ya anwani yenye neno mahindi ndani yake, kwamba wateja kutoka mbali watamfikia kwayo. Alinisikiliza kwa adabu zote. Akasema, "Mwanangu, wanaonitafuta wana namba yangu." Akanionyesha magrupu yake kwenye simu, picha za magunia zimejaa. Niliondoka nimekasirika kweli. Nikamwita mshamba moyoni njia nzima, ilhali yeye alikuwa anafanya biashara na mimi nilikuwa nasubiri biashara.

Mtu atauliza kwa nini nisingeyaacha. Niliwahi kuacha moja. Lilikuwa neno la zao na neno bei, mwaka umeisha bila hata salamu, nikasema liende. Halikukaa. Mtu akalichukua, akafungua tovuti inayotembelewa hadi leo. Siku nilipoliona nililifungua tena na tena mpaka bando likaisha. Tangu siku hiyo sijaweza kuachia hata jina bovu, maana kila ninapotaka kuliachia naona mkono wa mtu nyuma yake. Na hayaishi zamu. Hili likilipiwa, lile limefika. Steshenari inalisha majina, kwa hiyo siwezi kuifunga steshenari, na nisipoifunga siwezi kutoka Songea. Kuna asubuhi nilikuwa nafungua lile geti la duka nikahisi ninajifungia badala ya kufungua.

Kisha mama mkwe akaanza kuanguka. Jirani alipiga simu mara ya kwanza kusema ameanguka kisimani, mara ya pili jikoni. Mke wangu aliongea naye kwa Kibena muda mrefu, akakata simu, akaanza kuchambua dagaa ambao walikuwa wameshachambuliwa. Hakuniangalia. Hapo nilijua kwamba sasa lazima kitu kikatwe.

Jumapili hiyo tulipotoka kanisani nilimketisha sebuleni. Nilikuwa nimeshapata utaratibu, na niliona ni wa haki. Nikamwambia, "Mama, nataka nipunguze. Nitajie majina yote unayoyakumbuka. Usiyoyakumbuka nayaachia yote, hata kama yananiuma. Tukibaki na machache yenye nguvu, tunaweza kuanza kupanga safari."

Akanyoosha kitenge magotini. Akaanza. Alianza na la kwanza kabisa nililonunua, akaja la pili, akashika ya mazao, akaingia ya mikoa, ya nguo, ya harusi, ya dawa za mifugo. Hakuruka. Yalikuwa yamepita thelathini, na aliyataja kama mtu anayesali litania. Kuna moja mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Alipomaliza nilikuwa nimesimama, nacheka peke yangu. Nikamwambia, "Unaona? Yote yamekaa! Hakuna la kuachia hapa!"

Hakucheka. Akasema, "Baba, nilikuwa nayakariri."

Nikamuuliza kivipi.

"Ulikuwa ukilitaja tu, mimi nalishika. Nalisema njiani mpaka sokoni, nalisema nikipima dagaa. Wenzangu wananiuliza unaongea na nani. Nilijua kesho utaniuliza, na nikikosa hununui. Na usiponunua tutaondokaje huku? Nilisema yakiwa mengi, mmoja atakuja haraka."

Nilikaa chini. Sikuwa na hasira naye, na ningependa ningekuwa nayo, ingenisaidia. Kipimo changu chote, ujanja wangu wote, ilikuwa ni hamu ya mwanamke kurudi kwa mama yake. Sikujua tena lipi kati ya yale lilikuwa zuri. Labda hakuna. Alikuwa ameufuma uzio uliotufungia hapa kwa mikono yake, ufito kwa ufito, akidhani anatengeneza mlango, na mimi nilikuwa nampokea kila ufito na kumsifu.

"Kwa hiyo tunaenda lini?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Nikasema kitu kuhusu mwisho wa msimu. Aliniangalia sana, kisha akaingia chumbani, nikasikia zipu ya begi.

Jumanne nilimsindikiza kituoni akapanda basi la Njombe litakalomshusha kwao. Hatukugombana. Aliniambia mahali alipoweka unga, akaniambia nisisahau kumlipa mtu wa takataka, akapanda. Nilirudi dukani kwa miguu nikiwa nimeamua. Sasa majina yataanguka yote, moja moja, kila moja siku yake ikifika, na la mwisho likianguka nami nafuata.

La kwanza lilifika wiki hiyohiyo. Lilikuwa neno la hovyo tu, la vifaranga, ambalo hakuna mtu atakayelitaka duniani. Nililitazama kwenye skrini, kidole hakitoki kwenye kitufe cha kulipia. Nikamwona mke wangu, kama yuko mbele yangu, anavuka barabara na beseni kichwani, midomo inacheza, analirudia lisimpotee.

Nikalilipia. Na lililofuata nikalilipia.