Miungu Niliowafundisha

Asubuhi ile nilipanda juu ya kiti darasani nikamtukana mungu. Si Mungu wetu, jamani. Alikuwa wa Wagiriki wa kale, nami nilikuwa naigiza mfalme mwenye kiburi, maana kidato cha nne walikuwa wanasinzia, na mwanafunzi akinisinzilia mimi hupandwa na hasira. Nikanyoosha kidole kwenye mabati. "Kama uko, nipige!" Wakacheka. Msichana mmoja wa mbele, binti wa mchungaji, hakucheka.

"Madam," akauliza, "sasa alipigwa?"

"Yeye hapana," nikasema. Nikawaeleza, najiona nimesoma kweli kweli, kwamba katika tanzia za Wagiriki miungu hupenda kutokea mwanzoni, au mwishoni, wakishushwa kutoka juu kwa mtambo. Katikati hunyamaza, binadamu wahangaike wenyewe. Na wakiadhibu, mara nyingi hawamgusi mwenye mdomo. Humpita, wakapiga nyumbani kwake: mke, mtoto, bwana. Yeye huachwa hai ili asikie. Hata kifo chenyewe hakionekani jukwaani. Mjumbe huja kukisimulia. "Mkimwona mjumbe," nikawaambia, "jueni mambo yameisha."

Nilifurahia sana lile somo. Mdomo uliponza kichwa.

Alasiri nilikuwa nimeshafika nyumbani, huku kwetu karibu na Kimulot, mbingu ikawa nyeusi upande wa msitu. Mvua ya mawe tumeizoea, kila mara inatukatia chai shambani. Lakini hii ilikuja na radi mfululizo, na bwana yangu alikuwa ametoka na gunia la majani kupeleka kituo cha kununulia chai. Njia ya kituo inapita kwenye mikaratusi mirefu. Nikampigia simu. Ikalia mezani, kando ya kikombe chake.

Ndipo nikakumbuka kile kiti, na kile kidole.

Naogopa hata kuandika nilivyoogopa. Nikajiambia, wee, ulikuwa mchezo tu, na yule ni mungu wa watu wengine. Radi ikapasuka, nikajikuta najibu kwa sauti, "Nisamehe, Baba, sikuwa nakuambia wewe!" Mama mkwe, aliyekuwa karibu na moto, akanitazama. Nikamweleza yote huku nalia. Hakuuliza Wagiriki ni akina nani. Kama wazee wetu wa zamani, alichukua shoka nyuma ya mlango, akalisugua kwa jivu la mekoni, akalirusha uani kwenye barafu, akaiambia radi kwa Kikipsigis, lugha yetu, inyamaze, huku ni kwa watu.

"Ai, Mama, na wewe ni wa kanisa!"

"Kanisa ni Jumapili," akasema. "Leo ni Jumanne. Funga mlango."

Siku nyingine ningemcheka hadi kesho. Siku hiyo nilitamani alirushe tena.

Mvua ikapungua, kukawa kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nakisikiliza nikiwa dirishani. Chai yote ilikuwa imechanikachanika, na katikati yake, kwenye kijia, mtu alikuwa anakuja mbio, gunia tupu kichwani la kujikinga mvua. Hakuwa mzee wangu, huyo namjua hata akiwa mbali. Alikuwa jirani yetu, mfanyakazi wa kiwanda aliyehamia huku kutoka upande wa ziwa.

Mjumbe.

Nilitoka mlangoni nikaweka mikono mbele. "Usiseme! Rudi! Usiniambie!"

"Madam, tulia. Mzee ako sawa. Ni mzima."

Nilikaa chini palepale kwenye barafu. Nikasema asante Mungu, asante, asante, hadi sauti ikakauka. Jirani alisubiri. Hakutoa gunia kichwani wala hakuondoka, na hapo nikaona kwamba alikuwa hajamaliza.

Radi ilikuwa imempiga mume wa yule mama tunayepakana naye kule chini. Yeye na mzee wangu walikuwa wamejikinga pamoja chini ya mkaratusi, mzee wangu akatoka kufuata gunia lake lililokuwa linachukuliwa na maji mtaroni. Hivyo tu. Sasa alikuwa amebaki palepale, amemfunika mwenzake na gunia hilo.

"Nimetumwa kwa huyo mama," jirani akasema. "Lakini yeye Kiswahili hasikii, na Kikipsigis changu ni cha sokoni. Neno kama hili siwezi kulisema na cha sokoni. Twende, madam, unisemee."

Mama yule hakuwahi kumtukana mtu, sembuse Mungu. Kanisani ndiye anayetuanzishia nyimbo. Nikashuka nyuma ya jirani, miguu ikiteleza, na nikashikwa na woga mwingine, mbaya kuliko ule wa kwanza: kwamba asubuhi ile, juu ya kile kiti, hakuna aliyenisikia. Kama ningekuwa nimesikika, radi ingekuja kwangu, na angalau tungejua ni kwa nini.

Alituona tukiwa bado mbali. Akasimama mlangoni, akaweka mikono mbele, akaanza kusema kwa lugha yetu, "Usiseme. Rudi. Usiniambie." Mimi nikaendelea kutembea. Uani kwake, kwenye barafu, kulikuwa na shoka lililopakwa jivu.