Nilivyoifukuza Mvua kwa Kanzu Nyeupe

Ndugu msomaji, kosa ni langu, wala sina wa kumsingizia. Jina nalificha, ingawa waumini wangu hapa karibu na Mvumi watanitambua tu, na watacheka!

Mimi ni mchungaji, na ni Mgogo. Kusoma nilijifunza mwenyewe, na kila jambo hulipima kabla ya kulisema. Safari hii sikupima.

Huku kwetu mvua huitwa na Bibi Nyemo, dada wa mtemi. Watu huchanga kondoo mweusi, hujifunga kaniki nyeusi, na mawingu huja. Hata Mjerumani wa bomani ameyaona, akalowa. Nguo nyeupe ni mwiko siku hizo, maana hufukuza mvua. Nilijua hayo tangu nabebwa mgongoni.

Kiburi kikaniingia. Nikawaambia Wakristo, "Msichange! Bwana hahitaji kaniki!" Nikavaa kanzu nyeupe pee, nikawaongoza shambani kuomba.

Lo! Mvua ilikuja, ikanyesha kwa majirani wote. Ilipofika kwenye mashamba yetu ikasimama mpakani, kama mbuzi aliyeona uzio wa miiba. Mguu mmoja ungeuweka kwenye tope, wa pili kwenye vumbi.

"Mchungaji!" jirani akaniita kutoka upande wa tope. "Mvua ya Mungu wako imepitia kwa wajomba?"

Nikaomba tena, na kanzu ile ile. Jua tu! Mbegu za uwele zikaungua ardhini. Ndipo nikasema moyoni neno baya: Mungu hayuko, au yuko ila huku hafiki. Nikaacha kuhubiri. Nikaamua kwenda Gulwe kubeba vyuma vya reli ya Wajerumani.

Mke wangu akauliza, "Na hao uliowazuia kuchanga, watakula reli?"

Kabla ya kuondoka nikaenda kwa Bibi Nyemo kukubali kushindwa.

Nikamwamkia Kigogo, "Mbukwenyi, Bibi. Umemshinda Mungu wangu."

Akacheka hadi ugoro ukamwagika. "Nimemshinda nani, mjukuu wangu? Mimi huyaita mawingu kama mtu anavyowapigia ng'ombe mluzi. Lini nilisema ng'ombe ni wangu? Mwenyewe simjui. Nilidhani unamjua wewe, nikawa nangoja uje unisimulie!"

Aibu gani hiyo! Mtu ananingojea habari za Mungu, nami nimefunga mzigo! Nikaketi, nikaanza kusimulia. Na nilivyosimulia, nikajikuta naamini.

Kesho yake nilitubu mbele ya kanisa, nimejifunga kaniki ya mke wangu. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Tukaomba sote, weusi kama kunguru, na mvua ikatulowesha kabla ya Amina!

Tulipanda upya kwa mbegu za kuomba kwa majirani wale wale. Mavuno yalikuwa haba. Watu wangu walishindia mlenda kwa ajili ya ujeuri wangu.

Wachungaji wenzangu, msimtie Mungu majaribuni kwa kiburi chenu, kisha mambo yakiharibika mkamhukumu yeye. Mimi Mungu alinisamehe upesi. Mke wangu hadi leo ananipakulia ukoko.